Je, wajua kwa nini kadi ya grafiksi ya PC inagoma kwenye Power Mac G4 hata kama imeingia slotini vizuri?

Wapenzi wa mashine za zamani hii wanaijua. Umepata Power Mac G4, kompyuta ya mezani ya Apple, ile yenye slot ya AGP (slot maalumu ya kadi ya grafiksi) ya mwaka 1999 au 2000, umeitoa prosesa yake ya 400 MHz ukaweka ya Sonnet inayopita 1 GHz, ramu umejaza, sasa kilichobaki ni kadi ya grafiksi maana ile Rage 128 Pro iliyokuja nayo ina MB 16 tu. Unaingia mtandaoni unakuta kadi za AGP za PC zimejaa tele bei chee, ila zilizoandikwa Mac bei yake imechangamka kweli. Unajiuliza, slot si ni AGP ileile, chipu si ileile ya ATI au NVIDIA? Basi unachukua ya PC, unachomeka, inakaa fresh kabisa, unawasha, Mac inapiga ule mlio wake wa kuamka, halafu skrini nyeusi tii.

Kadi wala sio mbovu. Kila kadi ya grafiksi ina kachipu kadogo ka ROM, na ndani yake kuna programu ndogo ambayo kompyuta inaisoma mara tu ikiwashwa, kabla hata ya mfumo kuanza kupanda, ili kadi iamke na itoe picha. Kwenye kadi za PC hiyo programu imeandikwa kwa lugha ya prosesa za x86, yaani Intel na AMD. G4 ni PowerPC, haielewi hata mstari mmoja.

Apple tangu Power Mac zake za kwanza zenye slot za PCI (za kuchomekea kadi za nyongeza), mwaka 1995, walikuwa wanatumia programu ya kuamshia mashine inayoitwa Open Firmware, ambacho kilitokana na kazi ya Sun na kikawa kiwango rasmi cha IEEE namba 1275 mwaka 1994. Humo kadi inatakiwa ije na programu ya FCode, iliyojengwa juu ya lugha ya Forth, na FCode haijali prosesa ni ya nani. Wazo zuri sana kwa kweli, tatizo dunia nzima ya PC haikulifuata, kwa hiyo watengenezaji wakawa wanatoa kadi hiyohiyo kwa ROM mbili tofauti na ya Mac inatoka chache. Sasa ukichomeka kadi isiyo na FCode, Open Firmware inaona kuna kitu slotini ila haijui kama ni cha kuonyesha picha, haikiorodheshi kama skrini, na draiva ya Mac OS ikija baadaye haina pa kushika. Ndo maana hata usubiri mpaka kesho hakitokei kitu. Kwenye Mac Pro za Intel za kuanzia 2006 angalau mambo yalilegea, kadi ya PC yenye draiva inakosa picha ya mwanzo tu halafu mfumo ukishapanda unaona.

Njia ya kutoka ni kuflashi, yaani kufuta programu ya PC kwenye ROM na kuandika ya Mac, na wengi wanafanyia kwenye PC ya zamani kwa DOS. Hapa ndo watu wanapokwama, kwa sababu kadi nyingi za PC zina chipu ya ROM ya KB 64 na programu ya Mac mara nyingine inataka KB 128, haitoshi, inabidi utafute programu iliyopunguzwa au ushike chuma cha kulehemu ubadilishe chipu yenyewe. Halafu kadi za AGP 8x zina kisirani kingine, pini ya 3 na ya 11. Apple walizitumia hizo pini kwa mambo yao ya plagi ya ADC, ile iliyokuwa inabeba picha, USB na umeme wa skrini kwenye waya mmoja, na baadaye AGP 8x ikazipa kazi nyingine kabisa, kwa hiyo watu wanazifunika na kipande chembamba cha tepu. Inaonekana kama utani ila ndivyo inavyofanyika.

Sasa uchague ipi? Mi naona kosa ni kukimbilia yenye nguvu kuliko zote, uliza kwanza unataka kutumia mfumo gani. Kama ni Mac OS 9 kwa ajili ya magemu ya zamani, GeForce4 Ti inatosha na kubaki, Radeon 9000 nayo poa, ila GeForce FX au 6200 achana nazo maana draiva za OS 9 hazina. Kama ni OS X, kuanzia 10.2 ya mwaka 2002 kuna Quartz Extreme ambayo inaipa kadi kazi ya kuchora madirisha badala ya prosesa, na yenyewe inataka angalau Radeon au GeForce2 MX yenye MB 16 kwenye AGP 2x, kwa hiyo Rage 128 iko nje. Tiger, yaani OS X 10.4 ya 2005, ikaleta Core Image inayoipa kadi kazi ya madoido ya picha, hapo ni Radeon 9500 kwenda juu au GeForce FX 5200 kwenda juu. Utaijua kwa Dashboard, ule ukurasa wa vidude vidogo, ukidondosha kidude kipya na maji yakatoa mawimbi, basi kadi yako imo.

Radeon 9800 Pro ni tamu, ila inataka waya wake wa umeme na inatoa joto, na mashine za 1999 zina basi (njia ya data kati ya prosesa na kumbukumbu) ya 100 MHz, kumbukumbu inapitisha kama MB 800 kwa sekunde hata uweke prosesa ya namna gani, na slot ya AGP 2x inaishia MB 533. Kadi itakaa inasubiri data. Kwa Tiger mi ningechukua 6200 iliyoflashiwa nikalala.

Na muuzaji akikwambia "inafanya kazi kwenye Mac", mwombe picha ya skrini ikiwa imewaka kwenye G4 yenyewe, sio Mac Pro.