"Mwalimu wa malezi tunaye"

Jibu hilo nimelisikia tena juzi, upande wa Tukuyu, ofisini kwa mkuu wa shule, ukungu umeziba dirisha, nilipouliza kuhusu unasihi, yaani kumsikiliza na kumshauri mwanafunzi mwenye shida. "Sisi hilo halitusumbui, dada yangu. Mwalimu wa malezi tunaye."

Nikaomba nimuone. Ni mwalimu wa Jiografia, ana vipindi 26 kwa wiki, analea bweni, na nidhamu ni yake pia. Wanafunzi ni 700. Haya, shika kalamu: kila mtoto akikaa naye nusu saa, mara moja tu kwa mwaka, ni saa 350. Akijibana sana anapata saa tano kwa wiki. Atamaliza baada ya wiki 70, wakati mwaka wa masomo wa siku 194 haufiki hata wiki 40. Na siku ya kwanza mtoto hasemi kilichomleta. Anasema kichwa kinamuuma.

Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, naye hiyo ndiyo kazi yake, hafundishi. Hata huko shule nyingi hazijafika. Sidai tulingane nao kesho, ila tuache kusema "tunaye".

Linaloniudhi hasa ni fimbo. Asubuhi umemchapa, mchana unamwambia akufungulie moyo? Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, viboko visizidi vinne. Basi akiidhinishwa mtu, asiwe huyu.

Halafu chumba. Yule mwalimu wa Jiografia anapokea watoto kwenye stoo ya majembe, mlango haufungi. Tukiwa mle ndani, mtoto wa zamu aliingia mara mbili kuchukua fagio. Wakuu wote nawaambia hivi: kabla hamjaomba semina, nunueni kitasa.

Maneno mengine ninayoambiwa niyapitie haraka. "Unasihi ni wa watukutu." Wapi! Binti anayeongoza darasa, ambaye wiki ya tatu sasa hagusi chakula, hatoroki wala hatukani mtu, ndiyo maana hakuna anayemuona.

"Ukimuuliza kama anawaza kujiua, unampa wazo." Tafiti zinaonyesha kuuliza hakuongezi hatari. Muulize waziwazi, kwa upole, na usimwache peke yake.

"Kuna namba 116." Ipo, ni simu ya msaada kwa watoto, ni bure, na inasaidia. Lakini shuleni simu ni marufuku. Apige na nini?

"Chuoni ni watu wazima." Kijana wa miaka 19 katoka Makete, kashuka stendi ya Nane Nane na tranka lake, mkopo haujaingia, na Mbeya nzima hana anayemjua. Matatizo mengi ya akili huanza umri huohuo. Akienda kwa mshauri wa wanafunzi anamkuta na foleni ya vyumba, foleni ya mikopo na viongozi wa serikali ya wanafunzi wanaogombania stempu. Atasema kichwa kinamuuma, apewe ruhusa, aondoke.