Wi-Fi si intaneti, na maktaba ya nje ya mtandao si mtandao mbovu

Maktaba za nje ya mtandao zikishawekwa kwenye shule ya kijijini huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, muhula hauishi kabla hujasikia mtu akisema: "Ile Wi-Fi ya shule mbovu. Inashika, lakini haifungui kitu." Anayesema anaweza kuwa mzazi, mjumbe wa kamati ya shule, hata mwalimu. Ukimuuliza alikuwa anajaribu kufungua nini, atakwambia WhatsApp.

Hiyo Wi-Fi ni nzima. Ila haikuwekwa pale kwa ajili ya WhatsApp.

Maana yenyewe ni fupi. Maktaba ya nje ya mtandao ni kompyuta ndogo, mara nyingi Raspberry Pi yenye ukubwa wa kadi ya benki, iliyojazwa vitabu, video na mazoezi, na inayorusha Wi-Fi yake yenyewe au kupitia ruta iliyo pembeni yake. Mwanafunzi anaungana kwa simu, kompyuta au kishikwambi, anaandika kwenye brauza anwani iliyobandikwa ukutani, na masomo yanafunguka. Hakuna laini, hakuna bando. Ndani yake mara nyingi utakuta programu kama Kolibri, ambayo inamwonyesha mwalimu nani amefanya zoezi lipi, na Kiwix, ambayo hubeba Wikipedia nzima katika faili moja. Ya Kiingereza pamoja na picha zake ni yapata GB 100. Ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ni ndogo kwa mbali na inaenea kwenye flashi ya kawaida.

Hayo yanaeleweka. Kinachogoma kueleweka ni kwamba Wi-Fi ni kitu kimoja na intaneti ni kitu kingine.

Wi-Fi ni redio tu. Kazi yake ni kutoa data kwenye kifaa kimoja na kuifikisha kwenye kingine kilicho karibu bila waya. Data hiyo imetoka wapi, Wi-Fi haiulizi. Koki ya shule hutoa maji hata kama yanatoka kwenye simtanki lililo nyuma ya jiko na bomba la mji halijawahi kufika kijijini. Wi-Fi nayo ni hivyo hivyo. Jina lake ndilo limetuchanganya. Wahandisi walikuwa na kiwango chao cha kupitisha data bila waya tangu 1997, kinaitwa IEEE 802.11, jina ambalo muuza duka asingeweza kulitaja mbele ya mteja bila kucheka. Mwaka 1999 kampuni ya kubuni majina, Interbrand, ikapewa kazi ya kutafuta jina linalouzika, ikaja na Wi-Fi. Halikuwa kifupi cha chochote. Yale maneno mawili ya Kiingereza, "Wireless Fidelity", ambayo watu huyataja kama kirefu chake yalipachikwa kwenye kaulimbiu ya matangazo jina likiwa limeshapatikana. Popote katika habari hiyo, intaneti haimo.

Na sisi tukaongeza la kwetu, kwa kulibebesha neno "mtandao" mizigo mingi. Asili yake ni kutandaa, ukoo mmoja na utando wa buibui, na kwa maana hiyo vifaa viwili vilivyounganishwa tayari ni mtandao. Lakini kwa wakala wa kutoa pesa pale Mwanjelwa, "mtandao unasumbua" maana yake mfumo wa kampuni ya simu haujibu. Kwa bodaboda aliyeko Makete bondeni, "sina mtandao" maana yake simu haishiki mnara. Kwa binti wa chuo, "nimeiona mtandaoni" maana yake Instagram. Sasa mwambie mtu kwamba shule ina maktaba ya "nje ya mtandao", kisha mwonyeshe darasa zima limeungana kwenye mtandao mmoja. Ana haki ya kukunja uso. Mafundi huuita mtandao wa ndani, na ningekuwa na uamuzi, maktaba yenyewe ingeitwa hivyo. Lakini jina limeshazoeleka, tuliache.

Simu nazo zinatupotosha. Android ikiungana na Wi-Fi yoyote hutuma ombi dogo kwenye anwani ya Google kuhakikisha kama kuna intaneti. Kwenye maktaba ya shule jibu haliji, basi simu inaweka alama ya mshangao na kuandika "Imeunganishwa, hakuna intaneti". Mwenye simu anasoma kosa, kumbe ni taarifa sahihi kabisa. Halafu, kama data iko wazi, simu nyingi huamua zenyewe kuiacha Wi-Fi hiyo na kutumia laini. Hapo ndipo shida inapoanza. Mwalimu anaandika 10.10.10.10, anwani inayotumiwa na baadhi ya maktaba za RACHEL, aina mojawapo ya maktaba hizi, nayo simu inaipeleka kwa kampuni ya simu, ambako haipo. Anwani zinazoanza na 10 au 192.168 zilitengwa kwa mitandao ya ndani peke yake. Nje ya hapo hazina mwenyewe. Mwalimu anasubiri, ukurasa unakataa, anahitimisha kwamba mashine imekufa. Dawa ilikuwa ni kuzima data tu.

Lipo kosa la gharama zaidi: kununua laini na kuichomeka kwenye ruta "ili ifanye kazi". Simu zote za darasani zinanusa intaneti, zinaanza kujisasishia programu kimyakimya, na bando la mwezi linakata kabla kipindi cha pili hakijaingia. Kesho yake taarifa inakwenda wilayani kwamba mradi umeshindwa kwa kukosa fedha za bando. Mradi haukuhitaji bando. Tena sehemu kama Lupingu, kule mwambao wa Ziwa Nyasa wilayani Ludewa, Milima ya Livingstone imesimama juu ya vichwa vya watu. Mawimbi ya simu hayapendi mlima, na bando zuri la Iringa mjini halimsaidii aliye nyuma yake. Maktaba hizi zilibuniwa kwa sababu ya maeneo ya namna hiyo.

Walimu wengi wana vishikwambi, vikiwemo vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha wakagawiwa. Mwenye kishikwambi bila bando hujiona hana kitu mkononi, na maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu kweli inataka intaneti. Lakini kifaa hicho hicho kikiungana na kompyuta ndogo iliyo ofisini kwa mkuu wa shule kinacheza video ya hesabu bila kukwama, kwa sababu video inatoka mita chache tu kutoka alipokaa.

Nisitie chumvi, lakini. Intaneti inafanya kazi nyingine ndogo ambazo huzioni mpaka ikosekane, na saa ni mojawapo. Raspberry Pi za kabla ya toleo la 5 hazina saa yenye betri. Hujua muda kwa kuuliza intaneti. Umeme ukikatika Ijumaa na kurudi Jumatatu, mashine inaamka ikidhani bado ni Ijumaa. Mwalimu anafungua Kolibri, anakuta mazoezi ya leo yameandikwa tarehe ya Ijumaa, anamshuku mwanafunzi. Kinachotakiwa ni kipande kidogo cha saa chenye betri, ambacho fundi anakichomeka mara moja. Kadi ya kumbukumbu nayo huharibika umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, hivyo pauabenki au sola si anasa kwa mashine inayokula wati chache tu.

Na kusasisha masomo pia kunataka intaneti, ila si ya pale shuleni. Mtu anapakua akiwa Njombe au Mbeya mjini, anaweka kwenye flashi au diski, anapanda nayo basi, Kolibri inayapokea moja kwa moja. Masomo yanaingia shuleni kwa basi, mtandao wa ndani unayagawa. Kati ya hizo njia mbili hakuna iliyoharibika.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ukitaka kujua kama maktaba ya shule inafanya kazi, usiijaribu kwa kutafuta kitu Google. Zima data, ungana na Wi-Fi yake, simu ikikuuliza kama uendelee kuitumia bila intaneti kubali, kisha andika ile anwani iliyobandikwa ukutani kwenye mstari wa juu wa brauza, namba zote na nukta zake. Ikikataa hapo, sawa, sasa ni mbovu. Mwite mwalimu wa TEHAMA.