Dawa ya maumivu iliyomo ndani ya goti lililovimba

Goti likivimba, likashika moto na kuuma, wengi hudhani mwili umeshindwa kujitetea. Sivyo. Chembe nyeupe za damu zinazomiminika humo huja zimebeba dawa ya maumivu: beta-endofini na enkefalini, ndugu za mofini ambazo mwili huzitengeneza wenyewe. Neva nazo hujiandaa. Vipokezi vya opioidi, yaani sehemu za neva zinazoshikwa na mofini na ndugu zake, huundwa kwa wingi karibu na uti wa mgongo, kisha husafirishwa hadi kwenye ncha za neva gotini.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ulitolewa na mtafiti Christoph Stein na wenzake mwaka 1993. Wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji wa goti walidungwa naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vya opioidi, ndani ya goti lenyewe. Maumivu yakazidi. Maana yake, kuna kitu kilikuwa tayari kinayatuliza pale pale.

Basi mbona goti bado linauma? Kwa sababu enkefalini haidumu. Watafiti John Hughes na Hans Kosterlitz waliitambua mwaka 1975 kule Aberdeen, Uskoti. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino tano: tirosini, glisini, glisini, fenilalanini, na mwisho methionini au lusini. Vimeng'enya viwili, mikasi ya mwili, huukata. Aminopeptidezi N hung'oa tirosini ya mbele. Neprilisini hukata kati ya glisini ya pili na fenilalanini. Tirosini ndiyo inayoshika kipokezi, kwa hiyo ikitoka, kilichobaki hakitulizi kitu. Yote haya huisha ndani ya dakika chache.

Hapo ndipo tiba inapolenga: kuizuia mikasi, enkefalini ikae zaidi pale inapotolewa. Izuiwe yote miwili. Ukizuia neprilisini peke yake, aminopeptidezi inaendelea kukata, na nafuu inakuwa ndogo. Bernard Roques na wenzake wa Paris walianza na thiorfani, inayozuia neprilisini, kisha wakaunda molekuli zinazozuia vyote viwili kwa pamoja. Uzuri wa njia hii ni kwamba dawa haiamshi vipokezi vya mwili mzima kama mofini. Inaongeza nguvu pale tu ambapo enkefalini inamwagwa. Dawa isiyoingia kwenye ubongo haitarajiwi kuleta usingizi mzito wala kudhoofisha pumzi.

Ugumu uko hapa: neprilisini haikati enkefalini tu. Hukata pia bradikinini, kemikali ya mwili ambayo ikirundikana huvimbisha midomo, ulimi na koo, hata mtu akashindwa kupumua. Omapatrilati, dawa ya shinikizo la damu iliyozuia neprilisini pamoja na ACE, kimeng'enya kingine kinachokata bradikinini, ilikwama kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana mgonjwa wa moyo anayehamishwa kutoka enalaprili, inayozuia ACE, kwenda sakubitrili-valsatani, inayozuia neprilisini, lazima asubiri saa 36 baada ya dozi ya mwisho. Tafadhali usifupishe muda huo.

Rasekadotrili nayo huzuia neprilisini, lakini ni dawa ya kuharisha: hupunguza maji yanayomwagika utumboni. Usiinunue kwa ajili ya goti.

Jambo moja husahaulika mno: dawa hii ya mwilini inabebwa na chembe nyeupe. Katika panya, kinga ikishapunguzwa kwa siklosporini, nafuu hiyo nayo hupungua. Mikasi hata ikizuiwa yote, pasipo chembe za kuileta enkefalini hakuna cha kulindwa.