Barua za Flaubert: kwanza tuambie ameandikiwa nani

Insha ikifika mezani na maneno "Flaubert mwenyewe anakiri katika barua zake kwamba...", mara nyingi jina la aliyeandikiwa halimo. Tarehe nayo haimo. Pana mstari mmoja tu, umenyofolewa huko ulikotoka na kupandikizwa kwenye aya, na mwenye insha anaona kazi imekwisha. Mchezo huu umezidi. Gustave Flaubert, mwandishi Mfaransa wa riwaya Madame Bovary, aliacha barua zaidi ya 4,000, kuanzia utoto wake Rouen hadi siku zake za mwisho nyumbani kwake Croisset, karibu na Rouen, mwaka 1880, na kila moja ilikuwa na mtu wake.

Dhana: Barua ni za faragha, kwa hiyo humo ndimo anamosema ukweli wake

Hii ndiyo mama wa zote. Inavutia, maana riwaya iliandikwa kwa umma na barua kwa mtu mmoja, usiku, katika nyumba kando ya mto Seine. Basi wengi huona barua ndiyo moyo wake ulioachwa wazi. Waswahili tunasema barua ni nusu ya kuonana. Sasa, nani huonana na mama yake na rafiki yake wa ujana kwa uso uleule?

Tazama safari ya Misri. Mwishoni mwa Oktoba 1849 Flaubert aliondoka Paris na rafiki yake Maxime Du Camp, na kutoka huko alimwandikia mama yake na pia rafiki yake mshairi, Louis Bouilhet. Mama anapewa mandhari, habari za afya ya mwanawe na maneno ya kumtoa wasiwasi. Bouilhet, katika barua ya 13 Machi 1850, anapewa usiku wa Esna kwa Kuchuk Hanem, mcheza ngoma na kahaba, tena bila kufichwa kitu. Mkono ni uleule na safari ni ileile. Ukisoma rundo moja tu, utaandika wasifu wa mtu ambaye hakuwapo.

Mfano wa pili ndio unaopotosha wengi zaidi, kwa sababu unahusu riwaya yenyewe. Tarehe 18 Machi 1857 Flaubert alimwandikia Bi. Leroyer de Chantepie, msomaji wa Angers ambaye hakuwahi kuonana naye, kwamba Madame Bovary haina ukweli wowote, ni hadithi ya kubuni kabisa, wala hakutia humo hisia zake au maisha yake. Watu huidaka kauli hiyo kama kiapo. Lakini Bibi huyo alikuwa amemwandikia akisema kuwa hizo ndizo hasa desturi za mkoa aliozaliwa na kuishi. Flaubert alikuwa anajibu hilo. Tena mahakama ya Paris ilikuwa imemwachia huru tarehe 7 Februari, siku 39 tu kabla, katika kesi ya kudhalilisha maadili kwa riwaya hiyohiyo. Mtu aliyetoka kizimbani juzi ana sababu zote za kuweka umbali kati yake na kitabu chake.

Sasa rudi nyuma hadi 23 Desemba 1853, barua kwa Louise Colet, mshairi wa Paris aliyekuwa mpenzi wake. Riwaya bado iko jikoni. Anasema lazima awe anampenda ndipo amwandikie usiku huo, kwa maana amechoka. Kichwani anahisi kofia ya chuma. Tangu saa nane mchana yuko kwenye Bovary, isipokuwa dakika kama 25 za kula, na sasa ni saa nane usiku. Amekuwa akiandika Emma, yaani Madame Bovary mwenyewe, na mpenzi wake Rodolphe wakipanda farasi msituni. Siku hiyo, anasema, alikuwa mwanamume na mwanamke kwa pamoja. Alikuwa farasi, majani, upepo, maneno waliyoambiana, na lile jua jekundu lililowafumbisha macho nusu.

Kati ya barua hizi mbili, ipi ya kweli? Swali hilo ndilo kosa. Ya 1853 inaeleza kazi inavyomwingia mtu mwilini akiwa ndani yake, na inasemwa kwa mpenzi ambaye naye ni mwandishi. Ya 1857 inajibu kama kitabu kimechukuliwa kutoka maisha ya watu fulani, na inasemwa kwa mgeni, muda mfupi baada ya kesi. Kila moja inasimama vizuri mahali pake. Ukiing'oa hapo, inaanza kumpinga mwenzake, kisha mwenye insha anatuambia eti Flaubert "alijipinga".

Kwa hiyo, kabla hujanukuu mstari, tafuta mambo manne: mpokeaji ni nani, barua hii inajibu nini, wiki hiyo aliwaandikia akina nani wengine, na riwaya ilikuwa imefika onyesho lipi. Nami nasisitiza hili kwa kila anayeuliza: usisome barua mojamoja kutoka kwenye vitabu vya nukuu. Chukua mwezi mzima, soma zote kwa mfululizo, hata zile za pesa na mafua. Hapo ndipo utakapoona sauti ikibadilika kutoka mpokeaji mmoja hadi mwingine.

Dhana: "Madame Bovary ni mimi" imo katika barua zake

Haimo. Hakuna barua yenye maneno hayo. Yalichapwa mwaka 1909 na mtafiti René Descharmes, aliyeyapata kwa mtu aliyemfahamu mwandishi Amélie Bosquet, na Bosquet ndiye aliyedai kuyasikia kwa Flaubert. Hiyo ni habari ya mdomo wa tatu, karibu miaka 30 baada ya kifo. Huenda aliyasema. Kuandika hakuyaandika, basi tusiseme "katika barua yake". Na ile ya "Mungu yumo katika mambo madogo" nayo iondoeni. Nayo haimo katika barua zake.

Dhana: Alitamani kitabu kisichohusu kitu, na Madame Bovary ndicho hicho

Barua ni ya 16 Januari 1852, kwa Colet. Anasema *angependa* kuandika kitabu kisichohusu kitu, kitakachosimama kwa nguvu ya mtindo peke yake. Ni tamanio, na wakati huo alikuwa na miezi minne tu ndani ya riwaya iliyojaa madeni, madawa na mguu uliooza. Soma kitenzi.

Dhana: Tarehe zilizochapwa aliziandika yeye

Mara nyingi Flaubert aliandika siku na saa tu: "Ijumaa usiku, saa nane". Kilichomo ndani ya mabano ya mraba ni kazi ya mhariri. Mhariri huanza na muhuri wa posta, ikiwa bahasha imesalia. Isiposalia, anachukua siku ya wiki, anapanga Ijumaa zote zinazowezekana, kisha anazichuja kwa yaliyomo: onyesho gani linaandikwa, Bouilhet amekuja Jumapili iliyopita au la, shairi gani la Colet liko mezani. Mtego mkubwa ni usiku wa manane. "Ijumaa usiku, saa nane" ya barua ya 23 Desemba 1853, kwa kalenda ya Wazungu, tayari ni Jumamosi tarehe 24. Ukikuta vitabu viwili vinatofautiana kwa siku moja, mara nyingi sababu ni hiyo.

Dhana: Barua kwa Colet ni barua za mapenzi

Za 1846 hadi 1848, kwa sehemu kubwa, ndiyo. Za 1851 hadi 1854 zina kazi nyingi kuliko mapenzi: anapitia mashairi ya Colet mstari kwa mstari, anafuta neno hili, anadai lile, na hapohapo anaeleza ukurasa wake mwenyewe unavyogoma. Anayezisoma kwa kutafuta busu ataruka mafunzo bora ya uandishi yaliyomo.

Angalia pia barua ya mwisho, 6 Machi 1855. Amesikia kwamba Colet alifika kwake mara tatu jioni iliyotangulia; anamwarifu kwamba hakuwapo, na kwamba hatakuwapo kamwe. Inaanza na "Madame", na yule aliyeitwa *tu*, "wewe" ya wapendanao, kwa miaka sasa anaitwa *vous*, "wewe" ya heshima na umbali. Kiswahili hakina badiliko hilo, hivyo ukitafsiri kwa "wewe" mwanzo hadi mwisho, mlango uliofungwa hausikiki. Weka "Bibi" mwanzoni, na urasimu katika kila sentensi. Juu ya karatasi hiyo Colet aliandika kwa mkono wake kwamba mtu huyo ni mwoga na mhuni.

Dhana: Tuna mkusanyiko kamili

Tuna kilichosalia. Barua za Colet kwake zimepotea karibu zote, kwa hiyo "kelele" za Colet wanazozieleza watu wamezisikia kwa mdomo wa Flaubert. Yeye na Du Camp walikubaliana kuchoma barua walizoandikiana. Zile alizomwandikia Juliet Herbert, mlezi Mwingereza wa mpwa wake, hazijulikani zilipo.

Hata zilizosalia zilipitiwa. Toleo la kwanza, juzuu 4 za 1887 hadi 1893, lilitayarishwa na mpwa huyo, Caroline Commanville, aliyekata matusi na kufuta majina. Nakala nyingi za bure mtandaoni zinatokana na matoleo ya zamani. Ukiona barua ya Misri kwa Bouilhet ni safi mno, shuku nakala yako. Tumia juzuu 5 za toleo la kitaalamu la Pléiade alizozianza Jean Bruneau mwaka 1973 na zilizokamilika 2007 kwa mkono wa Yvan Leclerc, au toleo la mtandaoni la Chuo Kikuu cha Rouen, ambalo ni bure na limepanga barua kwa mpokeaji na kwa tarehe.

Nyingine alizichoma mwenyewe. Mwandishi Guy de Maupassant anaeleza jinsi Flaubert, mwaka mmoja hivi kabla ya kufa, alivyomwita Croisset na kukesha akisoma barua za zamani na kuzitia motoni. Kati ya karatasi kilitoka kifurushi kidogo: kiatu cha hariri cha dansi, ndani yake waridi lililokauka, limeviringishwa katika leso ya kike yenye lesi iliyogeuka njano. Alivibusu, akavichoma navyo. Maupassant hataji jina la mwanamke. Wanaosema kiatu kilikuwa cha Colet wamelileta jina hilo wenyewe.