Je, wajua kompyuta hufundishwaje kubuni dawa zenye umbo la pete?

Miaka ya 1960, daktari Mnorwe Lorents Gran, akiwa kazini Kongo, aliona wanawake wenye uchungu wa uzazi wakinywa chai ya mmea uitwao kalata-kalata ili wajifungue haraka. Kiini chake, kalata B1, ni peptidi, yaani kipande kifupi cha protini. Cha kushangaza, peptidi hiyo ilichemshwa na haikuharibika.

Siri ilibainika mwaka 1995: asidi amino zake 29, yaani vijenzi vya protini, zimeungana mwanzo kwa mwisho. Fikiria shanga za kiunoni. Uzi ukiachwa wazi, shanga hupukutika kuanzia nchani. Ukifungwa fundo, ncha haipo tena. Vimeng'enya vinavyomega peptidi kuanzia nchani hukosa pa kushika. Kalata imekazwa zaidi kwa viungo 3 vya salfa vinavyokatiza pete yenyewe.

Sasa jaribu kubuni pete yako. Aina za asidi amino ni 20. Pete ya shanga 10 tu, hata ukiondoa zinazojirudia unapoizungusha, ina mipangilio zaidi ya trilioni 1. Hakuna maabara inayoweza kuipima yote, ndiyo maana kompyuta inaitwa.

AlphaFold, programu ya akili unde inayotabiri maumbo ya protini, ilijifunza hasa kwa minyororo yenye ncha. Kwake, asidi ya 1 na ya 10 zimeachana hatua 9, ilhali kwenye pete ni majirani wa hatua 1. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, hawakuifundisha upya. Walibadilisha hesabu ya hatua hizo tu, nayo ikaanza kutabiri pete na kusaidia kubuni mpya. Mimi hapa huvua kofia: marekebisho madogo kiasi hicho!

Kigumu zaidi ni dawa kupenya ndani ya seli. Saiklosporini, pete ya asidi amino 11 wanayopewa waliopandikizwa figo, ni kinyonga: kwenye maji hufunguka, ikifika kwenye utando wa mafuta hujikunja na kuficha sehemu zinazopenda maji. Picha moja ya umbo lake haitoshi; kompyuta lazima ifuatilie mageuzi yote. Na vipimo vya kuifundishia ni haba. Hifadhi ya data ya upenyaji iliyotolewa Japani mwaka 2023 ilianza na pete 7,334.