Je, wajua kwa nini kabureta ya pikipiki kuukuu hupauka hata baada ya kuoshwa?

Mwenye Yamaha DT 175 au Honda XL ya miaka ya 1980 anayeirudishia pikipiki yake sura ya zamani huanza na tangi, kisha rimu, kisha egzosi, na mwisho akajikuta anaitazama kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, iliyokaa katikati ya vitu vipya ikiwa imepauka na kujaa madoa ya kahawia. Huiosha kwa petroli, nayo hung'aa vizuri kabisa wakati ingali imelowa. Dakika chache baadaye petroli imekauka, na weupe ule ule umerudi. Hata kabureta iliyotafutwa kwa bidii Kirinyaga Road, barabara ya maduka ya vipuri ambako wakazi wengi wa Nairobi bado wanakuita Grogan, mara nyingi huja na sura hiyo hiyo. Kwa nini uchafu huu haukubali kutoka?

Haukubali kwa sababu si uchafu. Ni metali yenyewe iliyobadilika juu yake. Mwili wa kabureta hutengenezwa kwa kusukuma metali iliyoyeyuka, kwa shinikizo kubwa, ndani ya kalibu ya chuma kigumu, na metali hiyo kwa kawaida ni mchanganyiko wa aluminiamu au wa zinki. Aluminiamu ikiguswa na hewa hujivika papo hapo utando wa oksidi, mwembamba kiasi cha sehemu chache tu za milioni ya milimita, usioonekana kwa macho na wenye kuikinga isiendelee kuliwa. Shida huanza unyevu, vumbi na chumvi vinapokaa juu ya utando huo kwa miaka: hapo hutoboka, vishimo vidogo vikachimbika, na unga mweupe ukajaa ndani yake. Uso wenye vishimo hutawanya mwanga kila upande, na ndiyo maana jicho huuona umepauka kama ngozi iliyooshwa bila kupakwa mafuta. Petroli ikijaa katika vishimo hivyo, uso huwa laini kwa muda, mwanga ukarudi pamoja, na kabureta ikaonekana mpya hadi petroli ikauke.

Ukoko mzito zaidi hupatikana ndani ya bakuli la boya, yaani kikombe cha chini ya kabureta kinachoweka petroli na boya linalopima kina chake. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo matone yaliyoingia kwenye tangi huzama hadi chini ya bakuli na kutulia pale, na pikipiki iliyoegeshwa tangu mvua za masika huweza kuyahifadhi humo miezi mingi. Jeti, yaani vitundu vya kupimia petroli, na skrubu ya kumwagia mafuta zikiwa za shaba nyeupe, maji hayo huunganisha metali mbili zisizofanana, na ile dhaifu, yaani aluminiamu au zinki, ndiyo inayoliwa. Pikipiki iliyofika Nairobi baada ya kukaa Mombasa huwa na hali mbaya zaidi kwa nje, kutokana na chumvi ya hewa ya bahari. Madoa ya kahawia ni jambo jingine: hayo ni mabaki ya petroli iliyokauka ikageuka gundi, na dawa ya kusafishia kabureta huyatoa bila taabu.

Kabla ya kugusa dawa yoyote nyingine, ni lazima kujua kabureta ni ya metali gani. Njia rahisi ni uzito. Mchanganyiko wa zinki una uzito wa gramu 6.6 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, na wa aluminiamu karibu 2.7, kwa hiyo mkono huhisi tofauti mara moja. Tofauti hiyo si ndogo kwa kazi hii. Juisi ya ndimu iliyochemshwa, ambayo wengi huitumia kutoa madoa kwenye aluminiamu, hula zinki haraka. Maji ya betri yasitumiwe kamwe kwa metali yoyote kati ya hizo mbili. Soda kali ya kuzibulia mabomba nayo huila aluminiamu huku ikitoa mapovu ya hidrojeni, na kuuacha uso ukiwa mweusi, kwa kuwa silikoni na shaba zilizomo katika mchanganyiko hubaki nyuma aluminiamu inapoondoka.

Kufungua kabureta ndiko kunakotaka subira kuliko hatua nyingine zote. Skrubu za nyota za Kijapani zina umbo linalotofautiana kidogo na bisibisi za kawaida, na bisibisi isiyozienea hula kichwa cha skrubu kabla haijalegea. Boya hushikiliwa na pini nyembamba iliyopita katika vinguzo viwili vilivyoumbwa pamoja na mwili wa kabureta. Pini nyingi zina upande mmoja tu wa kutokea, na fundi anayeigonga kutoka upande usiofaa huvunja kinguzo, na hapo kabureta nzima imekwisha. Ni vyema kudondoshea mafuta ya kulegeza kutu, kusubiri hadi kesho yake, kisha kusukuma pini kwa mkono. Mpira wowote, pamoja na dayaframu (utando wa mpira unaocheza ndani ya baadhi ya kabureta), utolewe kabla ya dawa kuingia, maana huvimba na kuharibika.

Sura ya kiwandani haikuwa ya kioo. Ilikuwa fedha iliyotulia, isiyong'aa sana, na kwa maoni yangu huo ndio uzuri unaofaa kutafutwa. Njia inayoukaribia zaidi ni kupuliza kabureta kwa maji yaliyochanganywa na chembe ndogo za kioo, kwa mashine maalumu. Maji hupunguza ukali wa chembe, hivyo badala ya kukwaruza uso huugongagonga na kuulainisha, na uso laini haushiki uchafu upesi. Mchanga mkavu haufai hata kidogo: huchimba metali, na punje zake hujificha katika vijia vyembamba vya mafuta na hewa, zikaja kutoka siku pikipiki iko barabarani. Hata kwa chembe za kioo, kila tundu huzibwa kwanza, na baadaye kila kijia hupulizwa kwa kompresa hadi hewa itoke bila kizuizi upande wa pili.

Asiye na mashine hiyo anaweza kupata matokeo mazuri kwa maji moto, sabuni ya vyombo na kitambaa kigumu cha nailoni, akisugua kwa kufuata mwelekeo mmoja. Stilwuli huacha nyuzi za chuma ambazo baadaye huota kutu na kutia madoa.

Rangi hunitia mashaka zaidi. Rangi ya kawaida ya kopo la kupuliza huinuka na kubanduka pale tu petroli inapoidondokea, na kabureta haikosi kudondokewa. Ile ya magari inayochanganywa na kigumishi hustahimili petroli, ila mvuke wake ni hatari kwa mapafu na huhitaji barakoa ya kuchuja kemikali. Kabureta iliyosafishwa vizuri inaweza kuachwa wazi na kupakwa nta nyembamba, ambayo hufanywa upya kila baada ya msimu wa mvua.

Vyuma vidogo vya nje, kama mikono ya kuvutia waya wa mafuta, ni vya chuma cha kawaida kilichopakwa zinki ya rangi ya dhahabu hafifu, na hivyo hupelekwa kwa mafundi wa kuchovya metali vikiwa peke yake. Kila kitu kikisharudishwa kwa gasketi na oringi (pete za mpira za kuzuia uvujaji) mpya, fungulia petroli injini ikiwa imezimwa, na uweke karatasi nyeupe chini ya bakuli kwa muda. Tone likionekana juu yake, sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, haijakaa sawa, na kabureta irudi mezani kabla petroli haijaanza kuacha madoa mapya.