Je, wajua gari la mashindano lililoundwa gereji ya nyumbani linatambuliwaje baada ya miaka 70?

Chukua picha moja ya nyeusi na nyeupe, tuseme ya mwaka 1951 hivi, kuna kigari chembamba kama mtumbwi wa bati kiko kwenye mstari wa kuanzia, dereva mabega yote yako nje, namba imechorwa ubavuni kwa brashi na rangi imechuruzika kidogo, ukigeuza nyuma ya picha hakuna hata neno. Unachojua ni kwamba ilipigwa nchi za Nordiki, yani Uswidi, Norwei, Ufini au Denmark huko kaskazini mwa Ulaya, basi. Sasa hiyo gari ni gani na nani aliiunda?

Kwanza tuelewe kwa nini watu walijiundia. Vita imeisha 1945, vijana wanataka kukimbiza magari lakini gari la mashindano halinunuliki, Uswidi mwaka 1947 ilibana sana bidhaa za kutoka nje, Ufini ilikuwa inalipa fidia ya vita kwa Wasovieti mpaka 1952, na Norwei ndo usiseme, mtu wa kawaida kununua gari jipya alihitaji kibali cha serikali mpaka Oktoba 1960! Kwa hiyo fundi anaokota alichonacho, mabomba ya chuma, ekseli ya gari bovu, usukani wa gari lingine, halafu injini ya pikipiki.

Injini ndo iliyowaokoa. Uingereza mwaka 1946 walianza mashindano ya vigari vya cc 500, na 1950 shirikisho la kimataifa likayapa jina la Formula 3. Injini ya cc 500 ilikuwepo tayari Uswidi na Denmark maana mbio za pikipiki za spidiwei, zile za kuzunguka uwanja wa vumbi, zilipendwa sana huko, na pikipiki zile zilikuwa na injini ya JAP ya London, silinda moja, inakunywa methanoli. Unaifunga nyuma ya dereva, cheni inapeleka nguvu kwenye ekseli, tayari una gari.

Sasa ukirudi kwenye ile picha, usianze na bodi. Hapo ndo wengi wanapotea, yani bodi ni bati la alumini lililogongwa kwa nyundo, likipondeka Jumapili, wiki inayofuata gari lina pua nyingine kabisa. Jina nalo halisaidii sana, kwenye karatasi ya mashindano wanaandika jina la dereva au la injini halafu "Special", msimu unaofuata gari limeuzwa, mwenye nalo mpya kaweka injini nyingine na limepata jina lingine, unakuta gari moja lina majina matatu na watu wanadhani ni magari matatu.

Anza na injini kama inaonekana. JAP inasukuma valvu zake kwa fito, utaona kijibomba kinapanda ubavuni mwa silinda, wakati Norton ya mashindano, injini nyingine ya pikipiki za Kiingereza, ina shafti inayopanda mpaka juu kwenye kamu na kichwa chake ni kinene zaidi. Ila kumbuka injini inahama, kwa hiyo inakuambia gari lilikuwaje siku hiyo tu.

Halafu shuka kwenye springi. Cooper ni gari la Kiingereza la cc 500, na ya kwanza, 1946 pale Surbiton, John Cooper na wenzake walichukua sehemu za mbele za vigari viwili vya Fiat Topolino wakaziunganisha, moja mbele na nyingine nyuma, ndo maana springi pati inakaa kwa kukingama, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Ukiona springi ya hivyo kwenye picha ya Helsinki, yale mashindano ya Eläintarha ndani ya bustani, inaweza kuwa Cooper kweli, inaweza kuwa fundi kaiga Cooper, au kapata tu Topolino iliyokufa. Hapo angalia rimu. Cooper walitumia rimu ya kumiminwa, dramu ya breki imeungana nayo kitu kimoja, na hiyo fundi wa nyumbani hawezi kuimimina kirahisi, yeye atafunga rimu za spoki au za bati kutoka gari la kawaida.

Tena siyo kila gari la huko ni la gereji ya nyumbani. Effyh, gari la cc 500 la Malmö, Uswidi, la ndugu wawili Håkansson, ilitengenezwa kadhaa, kwa hiyo ukizipanga picha pamoja unaona zinafanana. Gari la nyumbani halina pacha.

Kama gari lenyewe lipo, basi vua bodi uangalie fremu kwa karibu. Kila fundi ana mkono wake wa kuchomelea, mwingine mshono wake umelala kama mchanga uliopigwa na mawimbi, mwingine una mabonge. Tafuta matundu yaliyozibwa, ukikuta manne yaliyojipanga mraba nyuma ya kiti, hapo palikuwa na kitu kimefungwa kabla, linganisha na vishikizo vya injini kwenye picha za zamani.

Na ikitokea watu wawili wanadai gari lilelile, mmoja ana injini na bodi, mwingine ana fremu tupu yenye kutu, mimi nasimama na mwenye fremu. Vile vingine vilikuwa vinahama kila msimu.